Aliyeninyang'anya Masikio ya Kashebere

Nilimwonea wivu kwa karibu miaka kumi, na sasa nimefika umri ambao kuficha jambo kama hilo ni kazi bure. Kijiji chetu chote, Kashebere nzima, kilijua. Mke wangu alijua kabla yangu. Nadhani hata yeye mwenyewe alijua tangu siku ile ya kwanza aliposukuma mlango wa kibanda changu cha sinema akaomba pa kukaa, nami nikamwonyesha benchi la nyuma kabisa wakati la mbele lilikuwa tupu.

Tulimwita Papa Fromaji. Jina lake la ubatizo nalijua, ila hakuna aliyelitumia, nami sitaanza leo. Kila Ijumaa alishuka kutoka milima ya Masisi na vitunga viwili vya mianzi vilivyojaa fromaji, yaani jibini, za mviringo, kila moja imefungwa katika jani la mgomba, akawauzia watu wa malori na wa mota, yaani pikipiki, waliokuwa wakienda Walikale. Jumamosi alinunua mawese na unga wa muhogo wa huku kwetu msituni, na Jumatatu alfajiri akapanda navyo milimani. Jumapili hakuwa na la kufanya. Baada ya misa akawa anakuja kwangu, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia.

Kibanda kile kilikuwa changu toka msumari wa kwanza. Mbao nilipasua mwenyewe. Televisheni niliibeba mgongoni kutoka Masisi mwaka ambao mvua ilikata barabara. Paneli ya jua, batri, nyaya, vyote vilikuwa jasho langu. Wenzangu wa sehemu nyingine walionyesha mpira wa miguu na filamu za ngumi. Mimi nilionyesha basketi ya Amerika, kwa sababu niliicheza nikiwa mwanafunzi, na kwa sababu nilifundisha timu ya wasichana ya parokia. Binti yangu Aline ndiye aliyekuwa pivo wangu, yaani yule mrefu anayesimama chini ya kikapu, ambaye bila yeye wengine wote wanakimbia bure. Mechi zenyewe zilinijia kwenye karti memori: kijana wa mota aitwaye Bahati alinipakulia Goma, na zilifika baada ya wiki mbili, wakati mwingine mwezi. Kwetu hilo halikumsumbua mtu. Mechi ambayo hujaiona ni mpya.

Basi mashine ilikuwa yangu, na Kifaransa cha watangazaji mimi ndiye niliyekielewa, lakini masikio ya watu yalikuwa ya mzee mmoja muuza fromaji ambaye hakuwahi kushika mpira maishani mwake.

Mtu huyu hakutazama. Hilo liliniudhi kuliko yote. Mechi ikianza alikaa juu ya bidoni lake, dumu la maziwa, alilolipindua karibu na mlango, akafumba macho, mikono magotini. Mikono ile ilikuwa misafi kupita kiasi, imeoshwa mpaka viwikoni, na bado ilikuwa na harufu ya maziwa yaliyoganda. Watu waliporuka na kupiga makofi, yeye alimwuliza wa jirani kwa sauti ya chini, "Kumetokea nini?" Akaelezwa. Akafikiri. Kisha akasema neno moja, na kibanda kizima kikageuza shingo kumtazama yeye, huku kwenye kioo changu mchezaji mrefu kama mti anaruka juu bila hata jicho moja kumwona.

Siku moja nilimwambia mbele ya watu, "Papa, kama unafumba macho, unaonaka nini?"

"Miye ninasikilizaka," alisema. "Hata fromaji haujue kama imeiva kwa kuiangalia. Unaigonga, unasikiliza."

Watu wakacheka, wakasema njo vile, ndivyo hasa. Jumapili iliyofuata nilimkuta mwalimu wa darasa la sita amefumba macho naye. Mtu mwenye diploma.

Alikuwa na mambo yanayopingana ambayo angekuwa mwingine wangemcheka. Hakula fromaji. Alizitengeneza maisha yake yote na hakuzionja. Alisema ni chakula cha watu wa Goma na wagonjwa. Alikuwa mpole hata kuku wa katekista, ambaye kwake alilala, walipanda juu ya mguu wake, lakini nilimwona akimfokea mnunuzi aliyeibonyeza fromaji kwa kidole gumba, mpaka yule mtu mzima akaomba msamaha. Alisema kwamba muntu mwenye kutoa kintu anakisahau, na papo hapo mwanawe mkubwa, aliyeshuka naye mara moja moja, alitusimulia jinsi baba yake alivyotembea siku mbili kwa miguu kwenda kuchungulia ng'ombe aliyemtoa miaka kumi iliyopita. Alimchungulia kupitia ua, akarudi, wala hakubisha hodi.

Nilipomweleza mke wangu habari hiyo, nikidhani nimemkamata mzee katika uongo, mke wangu alisema, "Ah, huyo mzee ana roho." Kisha akaendelea kumenya viazi. Mama Aline hajawahi kusema kwamba mimi nina roho.

Sasa niseme juu ya Nguzo, maana bila Nguzo hamtaelewa kilichonikuta.

Nguzo ni jina tulilompa sisi. Alikuwa pivo mkubwa wa kilabu moja ya Amerika, ya jiji la baridi, mtu mrefu mwenye mabega mapana na mikono laini, na Kashebere ilimpenda kuliko diwani yeyote. Siku moja Bahati alileta karti memori, na ndani yake mtangazaji alikuwa akisema kwamba kuna uvumi: kilabu inataka kumtoa Nguzo ibadilishane na kilabu nyingine ya pwani, na ipewe wachezaji watatu pamoja na haki ya kuchagua vijana wa kwanza katika miaka ijayo.

Kibanda kiligawanyika. Watu wa mota walitaka aende, walimu walitaka abaki. Nikasimama mbele ya kioo, nikazima sauti, nikaeleza. Nilieleza kwa nusu saa. Nilisema juu ya mikataba, juu ya mipaka ya mishahara, juu ya ile haki ya kuchagua ambayo kwa Kifaransa wanaiita shua ya raundi ya kwanza. Niliona macho yao yanakufa, mtu mmoja mmoja. Nilipomaliza, Bahati akauliza kwa adabu, "Lakini Papa Aline, ile shua njo nini? Ni muntu ao ni karatasi?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka mlangoni.

"Kama ni vile nimesikia, ile ni kintu ya mwepesi," Papa Fromaji alisema bila kufumbua macho. "Muntu iko na dume kubwa mu ferme yake. Jirani analitaka. Anamupa ng'ombe tatu za leo, na anamuahidia mutamba wa kwanza mwenye atazaliwa mu ferme yake mwaka kesho, na wa mwaka ingine, na wa mwaka ingine. Ile mitamba haiyazaliwa. Hakuna mwenye anajua kama itakuwa mizima ao bilema. Njo ile shua."

Kisha kila mtu akaanza kusema kwa wakati mmoja. Watu ambao kwa nusu saa walikuwa wakisinzia sasa walipima dume kwa mitamba, wakauliza umri wa dume, wakauliza kama ferme ya jirani, yaani shamba lake la mifugo, ina historia ya kuzaa vizuri. Hata watu wa kwetu, watu wa msitu ambao ng'ombe wanamwona sokoni tu, walibishana kama waliokulia milimani.

"Sasa njo nimeelewa," Bahati alisema. "Papa Aline alikuwa anatuimbia Kifaransa tu."

Alisema bila ubaya, na bado nilitamani kuzima batri na kuwafukuza wote.

Tulijadili uvumi ule Jumapili tatu. Mimi nilisema Nguzo ataondoka; nilikuwa na hoja zangu, na zilikuwa nzuri. Papa Fromaji alisema atabaki, kwa kuwa hakuna mwenye akili anayetoa ng'ombe anayejaza ndoo wakati majani ni mabichi. Watu karibu wote wakamfuata yeye. Jumapili ya nne Bahati akaleta karti mpya, nikaichomeka, na pale kwenye kioo Nguzo alikuwa anacheza akiwa amevaa rangi za kilabu ya pwani. Kumbe siku tuliyoanza kubishana mambo yalikuwa yamekwisha zamani. Tulikuwa tumemaliza mwezi mzima tunamshauri mtu ambaye alikwisha hama.

Nilishinda. Nataka hilo lieleweke, kwa kuwa hakuna mwingine anayelikumbuka. Niligeuka nikiwa tayari kupokea haki yangu, nikakuta wote wamemgeukia yeye kuona atasema nini.

Papa Fromaji alifumbua macho siku ile, mara ya kwanza, akakitazama kioo kwa muda mrefu.

"Nilidanganyika," alisema. "Sasa, kule alitoka, nani alienda kumuangalia kama anakula?"

Ndipo akatueleza desturi ya kwao. Ukitoa ng'ombe, iwe kwa zawadi au kwa kubadilishana, kabla mwezi haujaisha unakwenda huko aliko. Humgusi, humwiti, humfundishi kazi bwana wake mpya. Unakaa tu pembeni mpaka umwone anakula, tena mpaka aanze kucheua, kisha unarudi kwako. Asiyekwenda, watu husema hakumtoa ng'ombe, alimtupa.

"Papa," nikasema, "ule ni muntu wa pesa mingi. Iko na wapishi wake."

"Sikuuliza nani anapika," alisema.

Toka siku hiyo, kila mchezaji aliyehama kilabu, Kashebere iliuliza swali hilo. Nilikuwa nikitafsiri habari za uhamisho kwa jasho, na sauti kutoka nyuma inakatiza, "Na nani alienda kumuangalia?" Wakati mwingine hata mzee mwenyewe hakuwapo. Alikuwa milimani anagonga fromaji zake, na bado kibanda kilikuwa chake.

Haya yote ningeyavumilia. Mtu huzoea kuwa wa pili katika mambo ya mchezo. Lakini alikuja kwa Aline.

Aline wakati huo alikuwa na miaka kumi na sita, amenipita kichwa, na mikono yake nilikuwa nimeifundisha mimi tangu hajafikia kufunga kamba za viatu. Nilimwamsha alfajiri arushe mpira mara mia moja kabla ya shule. Nilitengeneza pete ya kikapu kwa chuma cha gurudumu la baiskeli. Alipocheza sikupiga kelele kama makocha wengine. Nilinyoosha kidole tu naye akajua aende wapi. Sikuwa na kitu kingine duniani ambacho watu walikubali kwamba ni kazi yangu.

Tulicheza mechi ya parokia kule Masisi, na kocha wa lise moja, shule ya sekondari ya masista wa Goma, alimwona. Hakuniambia kitu siku ile. Baadaye alituma barua: wanamtaka Aline akakae kwao, asome, achezee shule, na masista wangebeba gharama.

Barua hiyo haikunijia mimi. Ilimfikia Aline kwa mkono wa mwanafunzi mwenzake, naye akampelekea Papa Fromaji. Ilikaa siku tisa katika kitunga chake. Ilipofika mkononi mwangu ilinuka maziwa.

Walikuja wote wawili Jumapili mchana, kabla sijafungua kibanda. Aline alisimama nyuma ya mzee, ingawa urefu wake haukumruhusu kujificha nyuma ya mtu yeyote.

"Papa Aline," mzee alianza, "mutoto aliniomba nimusindikize. Alikuwa na woga."

"Woga ya nani?"

"Ya weye."

Nikaisoma barua. Nikaisoma tena ili nipate muda. Kisha nikamwuliza, "Nguzo ulisema abaki. Mutoto wangu njo unasema aende?"

"Sijasema aende. Nimesema usome barua."

"Sema basi. Weye unasemaka juu ya kila kintu. Sema mambo ya mitamba."

Alitikisa kichwa. "Ile ya Nguzo ilikuwa michezo, hata nikikosea haiumize muntu. Mutoto haiko ng'ombe. Hapa sina mashauri."

Nilitaka atoe ushauri wowote ili niuvunje. Angesema aende, ningesema abaki, na angalau tungekuwa na shindano. Lakini alisimama pale na mikono yake misafi, akaninyima hata hilo.

"Papa," Aline akasema, na kwa muda sikujua anamwita nani kati yetu. "Papa, ninapenda kwenda."

Mtoto akipenda kwenda, amekwisha kwenda. Nilisema aende. Nililisema kwa mdomo tu. Siku ya safari mama yake alimfikisha barabarani na begi lake, watu wa timu wakamwimbia, na mimi nilikuwa ndani ya kibanda nakaza waya ambao haukuwa umelegea. Nilisikia mota ikiwaka. Niliendelea kukaza.

Miezi ikapita, na sikwenda Goma. Nilikuwa na sababu nyingi: barabara, mvua, vizuizi, batri iliyoanza kufa. Sababu ya kweli ni kwamba nilimsubiri aniombe. Nilitaka barua, au ujumbe kwa Bahati: Papa, njoo. Yeye alipiga simu ya mama yake, akasalimu nyumba, akasema yuko vizuri. Mimi nikasema mwambie nami niko vizuri.

Ndipo Bahati akarudi kutoka Goma siku moja akiwa na furaha, akaniambia mbele ya watu, "Nimemuona Aline. Anacheza muzuri, na amenenepa kidogo. Alikuwa na Papa Fromaji, banakaa ku baraza ya masista, yeye anakula, muzee anamuangalia."

Nilikwenda nyumbani sijui kwa njia ipi. Mama Aline alikuwa anaanika mihogo.

"Ulijua huyu muzee anaendaka kumuona Aline?"

"Ndiyo. Kila mwezi, kama anapeleka fromaji ku Goma."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu aende." Kisha, bila kuinua uso, "Miye njo ninamupaka unga na karanga amupelekee. Ulitaka nimupe nani?"

Mtu aliyeshindwa nyumbani hutafuta wa kumwonea nje. Jumapili iliyofuata mzee alifika na bidoni lake kama kawaida. Nikajaza mlango kwa mwili wangu.

"Papa, leo kumeyaa," nikasema.

Alitazama juu ya bega langu. Mabenchi yalikuwa nusu matupu, na yeye aliyaona, na mimi niliona kwamba ameyaona.

"Haina neno," alisema. Akachukua bidoni lake akaenda.

Hakurudi tena kuniomba nafasi. Na mnajua kilichofuata? Watu walianza kumfuata kwenye baraza ya katekista. Huko hakukuwa na televisheni, hakukuwa hata na redio nzuri. Walikaa wakajadili mechi ambazo hawakuziona, kwa habari walizookota kwa Bahati, na kicheko chao kikanifikia mimi niliyekuwa na mechi yenyewe, picha na sauti, mbele ya watazamaji wanne. Mmoja wao alikuwa amelala. Usiku nilimchukia yule mzee, na asubuhi nilipoamka nilijikuta bado namchukia, na katikati ya chuki hiyo nilitamani sana kusikia alichosema juu ya mechi.

Baadaye vurugu zikapanda milimani. Ng'ombe walichukuliwa, ferme zikaachwa wazi, na watu wa kule wakatawanyika. Papa Fromaji hakushuka tena. Kashebere ilisikitika kweli kweli, na parokia ikamtaja katika sala. Nami nilisema pole kwa sauti, na moyoni nilihisi nimepata nafasi ya kupumua. Nayaandika haya kwa aibu, lakini ndivyo nilivyohisi. Nilifikiri: sasa watarudi. Walirudi wachache. Walikaa wakatazama na, mchezo ukifika pagumu, walitupa jicho mlangoni.

Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita nilipomwona tena, katika mji wa Kitshanga. Nilikwenda huko kutafuta batri iliyotumika, kwa kuwa niliambiwa bei yake ni afadhali. Soko lilikuwa limejaa watu wa kambi ya wakimbizi, mota zinapiga honi katikati ya ng'ombe waliokonda, na kwenye ukingo wa njia mzee mmoja alikuwa ameketi nyuma ya bidoni la maziwa, anauza kwa kikombe. Alikuwa amefumba macho. Mikono ilikuwa misafi mpaka viwikoni.

Ningeweza kupita. Nilipita, kusema kweli, hatua kama kumi, kisha nikarudi.

"Papa Fromaji."

Alifumbua macho, akanitazama, akajaza kikombe kabla hajasalimu, akaninyooshea. "Kunywa kwanza. Hii siyo yangu, ni ya ng'ombe ya muntu. Lakini ni muzuri."

Nikanywa. Tukaulizana habari za nyumba. Aliuliza mama Aline, katekista, Bahati, mwalimu wa darasa la sita. Nilimwuliza juu ya watu wake. Akasema wako kambini, wote wazima, kasoro ni kwamba mwanawe wa pili hakupata shamba la kulima. Ng'ombe hakuwataja, nami sikuwataja. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimetayarisha maneno, na sasa yalikuwa yananisukuma.

"Papa, niseme ukweli. Sikupendaga uende kumuona mutoto wangu."

"Najua."

"Ulinichukulia nafasi yangu."

Alifuta mdomo wa kikombe kwa kitambaa, taratibu, ukingo wote.

"Na sasa hata bila ferme, ungali unaenda?"

"Hapana. Ni miezi mine sijaenda."

"Sababu ya barabara?"

"Sababu yake mwenyewe. Alinikataza." Akafunika bidoni lake. "Mara ya mwisho nilimuletea karanga, akazikatala. Akasema: Papa, aksanti, lakini usirudie tena. Kama weye ungali unakuya, papa yangu hatakuya."

Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa furaha. Sitadanganya. Katika soko lile, mbele ya mzee aliyenyang'anywa kila kitu, nilifurahi mpaka masikio yakapata moto, kwa sababu kati yake na mimi mtoto alikuwa amenichagua mimi. Nilitamani Kashebere yote iwepo isikie.

Kisha nikahesabu. Miezi minne. Alimfukuza mmoja ili kumpa nafasi mwingine, na huyo mwingine alikuwa nyumbani anakaza waya. Kwa miezi minne ile baraza ilikuwa na msichana mrefu na sahani yake, na hakuna mtu aliyeketi mbele yake.

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu. Nikakiweka chini. Batri sikuitaka tena. Niliuliza mtu wa mota aliyekuwa karibu kama anakwenda Goma, akasema anaondoka sasa hivi, akishapakia mizigo tu. Nikamwambia aningoje. Halafu ikanibidi nigeuke kwa yule mzee, nimwulize jambo ambalo baba hapaswi kumwuliza mtu baki.

"Papa, nimupelekee nini? Anapendaka kula nini?"

Hakucheka wala hakunionea huruma. Alifikiri sana, kama alivyofikiri juu ya Nguzo.

"Chakula hachague," alisema. "Weye ukae tu. Usisimame mpaka amalize kula."